Tomati zinazonyauka: namna laboratware inavyotambua bakteria kwa anzimu zake



Kila tukikaa kikao huku Lubudi, swali moja linarudi: "Agronome, dawa tulitia mara tatu, juu ya nini tomati inaendelea tu kukufwa?" Tukiuliza ni dawa gani, mara nyingi tunaonyeshwa mfuko wa mankozebu. Dawa hiyo ni nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni kuzuia kuvu, ile jamaa ya uyoga inayochoma majani wakati wa mvua. Lakini kama aliyeingia shambani ni bakteria, mankozebu haimfanyi kitu. Fransi zimekwenda na tomati zimekwenda.

Kwa hiyo toleo hili tunalitumia kueleza kitu ambacho mkulima hakioni kwa macho: namna watu wa laboratware (wengine wanasema maabara) wanavyojua kama ni bakteria, na ni bakteria gani. Njia yao kubwa ni kupima anzimu. Somo ni refu kidogo. Msome polepole, na kama kuna kijana wa shule ya sekondari nyumbani, msome naye.

Wanaonyausha tomati ni wengi

Tomati ikinyauka, kwanza usitaje jina la ugonjwa. Angalia. Kama majani ya chini yanageuka manjano pole pole, mara nyingine upande mmoja tu wa mti, na ukipasua shina unaona rangi ya kahawia ndani, fikiria kuvu anayeitwa Fusarium. Kama mizizi ina vinundu vinundu, hao ni minyoo midogo ya bulongo. Kama mti ulikuwa wa kijani kabisa, ukalegea mchana wa jua kali, usiku ukajaribu kusimama, na kisha siku chache ukaanguka mzima bila majani kugeuka manjano, hapo tunamfikiria Ralstonia solanacearum, bakteria wa mnyauko.

Huyu anaingia kwa vidonda vya mizizi: vile vinavyokatwa na jembe wakati wa kupalilia, na vile vinavyotobolewa na minyoo. Akiisha kuingia anajaza mifereji ya maji ndani ya shina kwa ute wake mzito. Mti unakufa kiu huku bulongo ina maji ya kutosha. Ndiyo maana mtu anazidisha kumwagilia, na maji hayohayo yanambeba bakteria kwenda mstari wa pili.

Kipimo cha kwanza mnaweza kukifanya wenyewe, na hakina gharama. Kata kipande cha shina karibu na bulongo, urefu wa vidole viwili hivi. Kishike kwa uzi au waya, ukitumbukize ncha tu ndani ya glasi ya maji safi, na usitikise. Ngoja dakika tano. Kama uzi mweupe kama maziwa unatoka kwenye shina na kushuka chini, hao ni bakteria kwa mamilioni. Kama maji yanabaki safi, fikiria kuvu au minyoo. Kipimo hiki tunakipenda sana, na hakuna sababu kooperative yoyote kukosa glasi moja kwa ajili yake.

Lakini glasi inasema "bakteria" tu. Haisemi jina. Na jina ndilo linaloamua kama shamba litapumzika miaka kadhaa, au kama utabadilisha mbegu tu.

Anzimu ni nini? Anza na munkoyo

Neno anzimu lisiwatishe, si mzimu. Kwenye vitabu vya Tanzania mtaona "vimeng'enya", ni kitu kilekile. Na wamama wa huku wanazitumia tangu zamani za babu zetu, bila kuziita jina.

Fikirieni namna ya kutengeneza munkoyo. Mama anapika uji mzito wa mahindi. Anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu. Kisha anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Baada ya muda, uji uliokuwa mzito kama bukari laini unakuwa mwepesi, na unaanza kuwa mtamu kabla hata haujachacha. Nani aliufanya mwepesi? Ndani ya mizizi ile kuna anzimu, amilazi, inayokatakata wanga na kuufanya sukari. Na juu ya nini mama anangoja uji upoe? Kwa sababu joto kali linaharibu anzimu. Ukitia mizizi ndani ya uji unaochemka, uji unabaki mzito.

Hayo ndiyo mambo matatu ya kukumbuka kuhusu anzimu yoyote. Inafanya kazi moja, haifanyi zote: ile ya kukata wanga haikati mafuta. Inatosha kidogo kwa kazi kubwa, kwa sababu haiishi inapofanya kazi. Na joto linaiua.

Mihogo nayo ni hivyohivyo. Tunapolowesha mihogo michungu, au kuipondaponda, anzimu iliyo ndani ya muhogo wenyewe inaachanisha ile sumu ili iondoke na maji na hewa. Mwenye haraka anayelowesha siku moja tu anainyima anzimu muda wa kazi, na hiyo ni hatari ya kweli kwa watoto.

Sasa, kila aina ya bakteria ina sanduku lake la anzimu, kama fundi na vyombo vyake. Ukimkuta mtu njiani na msumeno na randa, unajua ni seremala hata kama hakusema. Laboratware inafanya hivyo: haimuulizi bakteria jina, inamwangalia vyombo.

Ndani ya laboratware

Kabla ya kipimo chochote, bakteria anatengwa. Kipande cha shina kinasafishwa juu, kinakatwa, na ule ute unapakwa kwenye sahani yenye chakula kigumu kama gundi. Baada ya siku mbili au tatu madoa yanaota juu ya sahani, na kila doa ni ukoo mmoja wa bakteria. Doa moja linachukuliwa na kuoteshwa peke yake. Kazi hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayofanya majibu yachelewe. Mkiambiwa wiki moja au mbili, msidhani mtu amelala.

Kwa Ralstonia kuna chakula maalum ambacho Kelman alikieleza mwaka 1954. Kina rangi inayogeuka nyekundu bakteria wanapoila. Ralstonia mkali anaota doa la majimaji, jeupe pembeni na pinki katikati. Jicho lililozoea linamshuku palepale, lakini kushuku si kutosha.

Kisha vipimo vinaanza. Cha kwanza ni katalazi. Bakteria wanaopumua hewa, ndani yao kunatokea maji oksijene, yaleyale yanayouzwa farmasi kwa kuosha vidonda. Kwao ni sumu. Wengi wana anzimu ya kuyavunja yawe maji na hewa safi, na hiyo ndiyo katalazi. Mtaalamu anachukua bakteria kidogo kwa kijiti cha mti, anaweka kwenye kioo, anadondoshea maji oksijene ya asilimia 3. Povu likipanda mara moja, katalazi ipo. Hatumii waya wa chuma, kwa sababu chuma chenyewe kinaweza kutoa povu na kudanganya.

Hiki mnaweza kukiona nyumbani. Kata kiazi kibichi, dondoshea maji oksijene: povu. Chemsha kiazi kingine, kiache kipoe, dondoshea: kimya. Moto umeua anzimu, kama kwenye munkoyo. Tunawaomba wenye madarasa ya watu wazima ndani ya kooperative wafanye jaribio hili, watu watacheka na watalikumbuka.

Lakini angalieni hapa. Kwa kuwa kiazi chenyewe kina katalazi, na shina la tomati vilevile, mtu akija shambani na chupa ya maji oksijene, akadondoshea kwenye mti wako na kusema "umeona povu, una ugonjwa, nunua dawa hii", huyo anakuibia. Mti mzima wa afya utatoa povu lilelile. Kipimo kina maana tu kwa bakteria aliyetengwa.

Kuna bakteria wasio na katalazi. Wale wanaochachusha munkoyo na maziwa ni wa kundi hilo. Hao si adui wa tomati. Kwa hiyo kwa kipimo kimoja cha dakika moja, kundi zima limeondolewa kwenye orodha.

Cha pili ni oksidazi, na kwetu watu wa mimea hiki ni kama njia panda. Ni kipimo kilichoandikwa na Kovacs mwaka 1956. Kuna karatasi yenye dawa isiyo na rangi. Unapaka bakteria juu. Kama ana anzimu hiyo ya kupumulia, karatasi inageuka zambarau nzito ndani ya sekunde 10. Ikigeuka baada ya dakika nzima, usihesabu, hewa yenyewe inaigeuza. Ralstonia anageuza. Xanthomonas, adui wa mihogo, kabichi na ndizi, kwa kawaida hageuzi. Pectobacterium, anayeoza viazi na kunuka, hageuzi.

Karatasi hiyohiyo inatumika hospitalini. Kipindupindu, ambacho watu wa maziwa ya Upemba na Bukama wanakifahamu vizuri, kinaletwa na bakteria mwenye oksidazi, wakati bakteria wengi wa kawaida wa tumboni hawana. Kwa hiyo muuguzi wa laboratware na mtaalamu wa mimea wanashika karatasi moja, kila mtu kwa kazi yake.

Cha tatu ni wanga. Sahani inatiwa wanga, bakteria anaota juu yake, kisha inamwagiwa iodini, ile ya kahawia ya vidonda. Wanga unageuka bluu nyeusi, kama mtakavyoona mkidondoshea iodini juu ya bukari. Lakini kama bakteria ana amilazi, amekula wanga uliomzunguka, na pale panabaki duara safi lisilo na bluu. Xanthomonas wengi wanaacha duara. Ralstonia haachi.

Cha nne ni arjinini, na hiki ni kwa kutenganisha ndugu wawili. Ndani ya bulongo kuna bakteria wengi waitwao Pseudomonas fluorescens. Wana katalazi, wana oksidazi, hawali wanga: mpaka hapo ni sawasawa na Ralstonia. Wengi wao hawana ubaya, tena wengine wanasaidia mizizi. Ukiwachanganya unaweza kufunga shamba zuri bure. Basi wanatiwa ndani ya chupa ndogo yenye arjinini, inafunikwa ili hewa isiingie. Pseudomonas huyo ana anzimu ya kuivunja arjinini, na chupa inageuka nyekundu. Ralstonia hana, chupa inabaki ilivyokuwa. Tena Pseudomonas huyo anang'aa chini ya taa maalum, Ralstonia hang'ai.

Cha ureazi tutakitaja kwa sababu kinawagusa wenye kununua mbolea. Anzimu hii inavunja urea na kutoa amonia, ile harufu kali ya choo cha mikojo. Kwenye chupa ya laboratware rangi inatoka manjano kwenda pinki. Shambani, ureazi iliyo ndani ya bulongo inafanya hivyohivyo na urea yenu: ukiitupa juu juu na kuiacha juani, nitrojeni inaruka hewani. Urea ina nitrojeni asilimia 46, na umeilipia yote. Ifukieni. Na kwa taarifa, anzimu ya kwanza kabisa kutengwa safi duniani ilikuwa ureazi, na ilitoka kwenye maharage: Mmarekani James Sumner aliitoa mwaka 1926, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1946. Soya zetu pia zimejaa ureazi.

Siku hizi kuna vipande vya plastiki vyenye vikombe vidogo 20, kila kikombe kipimo kimoja, vinaitwa API. Unajaza bakteria, kesho yake unasoma rangi, majibu yanakuwa namba. Ni rahisi kutumia lakini ni ghali, na orodha zake zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya bakteria wa watu. Kwa mimea, mtu mwenye karatasi, iodini na chupa chache anaweza kwenda mbali sana. Kuna pia vipimo vya kusoma urithi wa bakteria, ambavyo ni vya hakika zaidi. Hata hivyo hakuna anayeanza navyo kwa sampuli mia. Vipimo vya bei ndogo vinapunguza orodha kwanza.

Kutoka vipimo mpaka jina

Majina ya bakteria yanabadilika, na hii inawachosha hata sisi. Bakteria wa mnyauko alielezwa na Erwin Smith mwaka 1896 akiitwa Bacillus. Baadaye akawekwa kwa Pseudomonas, kwa sababu ya vyombo vyake vinavyofanana, akakaa huko muda mrefu. Mwaka 1992 akahamishiwa Burkholderia, mwaka 1995 akapewa jina Ralstonia. Kwa hiyo mkikuta karatasi ya zamani yenye Pseudomonas solanacearum, ni huyuhuyu.

Mwaka 1964 Hayward aliwagawa katika makundi kwa kuangalia sukari gani wanaweza kuzitumia na kutoa asidi: maltozi, laktozi, manitoli na nyingine. Kazi ile ilisaidia sana, kwa sababu kundi la pili ndilo linalohusiana zaidi na viazi vya kizungu vya nchi za baridi. Halafu mwaka 2014 wataalamu walisoma urithi wenyewe, wakasema huyu si mmoja, ni aina tatu. Tawi moja ni la Afrika. Anzimu peke yake hazikuweza kuonyesha hayo yote, na ni vizuri mlijue: kipimo cha anzimu kinakufikisha kwenye ukoo na mara nyingi kwenye jina, lakini si kila mara kwenye kijiji.

Mihogo na shaba

Neno fupi kuhusu mihogo, maana bila sombe na bukari hakuna mazungumzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa bakteria wa mihogo uliharibu mashamba mengi sana ya Zaire ya wakati ule, hasa upande wa magharibi, na watu walipata njaa. Mwenye kosa ni Xanthomonas wa muhogo. Majani yanapata madoa yenye pembe yanayoonekana kama yamelowa maji, shina linatoa gundi, ncha inakauka. Katika laboratware ana tabia moja ya kupotosha: ndugu zake Xanthomonas wengi wanaota madoa ya manjano, yeye anaota meupe. Mtu anayeangalia rangi tu angemkosa. Vyombo ndivyo vinavyomtoa: katalazi ipo, oksidazi hakuna, wanga anakula.

Huyu haenezwi kwa bulongo kama mwenzake wa tomati, anakwenda zaidi na miti ya kupanda. Ukimpa jirani vijiti vya shamba lenye ugonjwa, umempa ugonjwa. Chagueni vijiti kwenye miti misafi, mwishoni mwa mvua wakati dalili bado zinaonekana. Ukingoja kiangazi majani yaanguke yote, miti yote inafanana.

Na swali la pili tunaloletewa sana: "Huku kwetu shaba ni mingi, dawa ya shaba haiwezi kuponyesha?" Dawa za shaba zinasaidia kwa madoa ya majani, kwa sababu zinakaa juu ya jani. Bakteria wa mnyauko yuko ndani ya mifereji ya shina, dawa haimfikii. Kuhusu bulongo yenye shaba nyingi, mnajua wenyewe kwamba pale kwenye maua ya shaba mahindi hayaoti vizuri. Kuongeza shaba kila msimu si dawa, ni kuharibu.

Kikao kinapokuwa moto

Tunakuja kwenye jambo gumu. Kooperative imepanda viazi vya kizungu ili kuuza mbegu kwa wanachama na kwa vijiji vya jirani. Mimea michache inanyauka. Glasi inaonyesha uzi mweupe. Sampuli imetumwa, majibu hayajarudi. Wanunuzi wako mlangoni na fransi mkononi, na ada za shule zinangoja. Tumekaa kwenye vikao vya namna hii. Kuna atakayesema: "Tuchambue tu, vizuri tuuze, vibaya tutupe."

Shida ni kwamba kiazi kinaweza kuonekana kizima kabisa na bakteria yuko ndani. Kipasueni: mara nyingine kuna duara la kahawia karibu na ganda, na ukikikamua unatoka ute mweupe. Mara nyingine bulongo inaganda kwenye macho ya kiazi. Lakini mara nyingine hakuna kitu cha kuona, mpaka kipandwe kwa jirani, mwezi wa pili au wa tatu kinyauke, na bulongo yake iharibike kwa miaka. Huyu jirani hatarudi kununua, na hatasahau.

Msimamo wetu ni huu: glasi ikionyesha uzi mweupe kwenye shamba la mbegu, viazi vile visiuzwe kama mbegu, hata majibu yakichelewa. Viuzwe kwa kula. Bakteria huyu hadhuru mtu, na kiazi kizuri kikipikwa ni chakula tu. Bei ni ndogo, ndiyo, na hasara ile igawanywe na kooperative nzima, isibebwe na mwenye shamba peke yake. La sivyo mara nyingine ataficha. Maganda na maji ya kuoshea yasitupwe shambani wala kwenye mfereji wa kumwagilia.

Majibu yakirudi na kusema si Ralstonia, ni Pectobacterium kwa mfano, mambo yanabadilika: hapo kosa ni maji mengi, vidonda vya kuvuna na ghala lisilo na hewa, na shamba halina haja ya kufungwa. Yakisema ni Ralstonia, pale msipande tomati, viazi vya kizungu, mabiringanya, pilipili wala tumbaku. Pandeni mahindi, mtama, kitunguu, kabichi, misimu kadhaa mfululizo, na mng'oe mnavu na tomati zinazojiotea, kwa sababu ndani yao bakteria anajificha. Chokaa ni nzuri kwa bulongo kali, lakini msiitegemee kumaliza kazi hii. Wenye mikono myepesi wanaweza kujifunza kuunganisha tomati juu ya shina la biringanya lenye kuvumilia. Tutaandika juu ya hilo siku nyingine.

Kutuma sampuli na kusoma karatasi

Chagueni mti ulioanza kulegea leo au jana. Mti uliokufa na kuoza umejaa bakteria wengine wa kuoza, na laboratware itawatenga hao badala ya mwenye kosa. Ng'oeni mzima, mkate sehemu ya chini ya shina urefu wa kalamu. Fungeni kwa gazeti kavu, si mfuko wa plastiki uliolowa. Leteni miti mitatu au minne ya sehemu mbalimbali. Andikeni kwa kalamu ya risasi, kwa maana wino unafutika: fasi, tarehe, aina ya mbegu na ilikotoka, mwaka jana palipandwa nini, dawa gani ilitiwa. Mfuko usikae juani juu ya lori. Kivuli, na ufike ndani ya siku mbili. Kabla ya kutuma, pigeni simu kwanza kwa agronome wa territware mhakikishe laboratware gani inapokea wakati huo, iwe ya chuo kikuu au ya INERA. Kutoka Lubudi mpaka Kolwezi au Lubumbashi ni safari, na kifurushi kinachofika siku mlango umefungwa ni kazi bure.

Karatasi ya majibu itakuwa na alama za kujumlisha na kutoa. Kujumlisha ni "anacho chombo hicho", kutoa ni "hana". Mkiona katalazi kujumlisha, oksidazi kujumlisha, wanga kutoa, arjinini kutoa, na chini jina Ralstonia, sasa mnajua lilitoka wapi. Mkiona oksidazi kutoa na wanga kujumlisha, mwenye kosa huenda ni wa jamii ya Xanthomonas. Na mkiona jina limeandikwa bila kipimo hata kimoja juu yake, ulizeni lilipatikana vipi. Ni haki yenu, mmelipa usafiri.

Wakati mnangoja majibu, majembe na visu vya shamba lile vioshwe bulongo yote, kisha vitiwe ndani ya maji ya javel, kikombe kimoja cha javel kwa vikombe tisa vya maji, kabla ya kwenda shamba lingine. Viatu pia. Na anayemwagilia aanze na mistari mizima, amalizie na ile inayonyauka.